Chuchu Moja ya Kompyuta ya Mwalimu Jerusa

Kama hujawahi kuona mtu akilaza kompyuta juu ya majani ya chai, basi hukumjua Mwalimu Jerusa Chepchirchir. Mama wa watu alikuwa na akili zake timamu, darasa la nane walimwogopa kwa hesabu, na ng'ombe wake walinawiri kuliko wa pasta. Lakini mwaka wa 2001 alifanya kioja ambacho ni sisi tu wa huku kwenye chai tungekifanya.

Kompyuta yenyewe, ile ya kufungua kama kitabu, aliletewa na Aron, mtoto wa kaka yake aliyesoma chuo kikuu Nairobi. Aron alikuwa ameiwekea Linux, programu ya kuiendesha, ile yenye picha ya pengwini. Jerusa aliitumia kwa kazi moja. Mama yake, aliyeishi Sigor na mifugo yake, alikuwa ameanza kusahau, kwa hivyo kila Jumamosi Jerusa aliketi naye akaandika hadithi ambazo mama alimsimulia utotoni. Zilifika sitini na mbili. Mwezi wa nane mama akafariki, na hadithi hazikuwa zimeandikwa mahali pengine popote.

Novemba ukungu ukaingia mpaka kabatini. Jerusa akaigusa kompyuta, akaona ina unyevu. Wewe ungeianika juani, lakini jua lenyewe liko wapi? Akaipeleka kiwanda cha chai kwa Kepher Omollo, fundi wa mitambo aliyetoka upande wa ziwa miaka ishirini nyuma. Wazee wazima hao wawili wakakubaliana, bila hata kuona haya, kwamba kinachonyausha majani kitakausha na kompyuta. Wakailaza juu ya chai mbichi kwenye kitanda cha kunyaushia majani, feni kubwa ikipuliza hewa ya moto kutoka chini. Wakasahau kwamba hewa ile ikipita kwenye majani hubeba maji yake yote. Jioni ikatoka ikinukia chai, imelowa kuliko ilivyoingia.

Waliiacha wiki nzima ofisini kwa Kepher ikauke, halafu wakaiwasha. Pengwini akatokea, maandishi yakaanza kukimbia, kisha yakasimama tuli. Wakazima, wakawasha tena. Yakasimama palepale. Siku tatu ikawa ni hivyo hivyo.

"Nimemzika mama mara mbili, fundi," Jerusa akasema. Kepher alikuwa na bisibisi mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani aliogopa kuitumia.

Wakampigia Aron kwa simu ya kiwanda. Jerusa akamsomea mstari wa mwisho kwenye kioo.

"Senge, tulia," Aron akamwambia, maana ndivyo Wakipsigis wanavyomwita shangazi. "Hiyo ni ile kamera ndogo iliyo juu ya kioo. Imeunganishwa kwa ndani, kwa njia inaitwa USB. Imekufa. Mashine inaiita, haijibu, na yenyewe inangojea tu."

"Kwa hivyo tuing'oe?"

"Msiguse kitu. Tutaiambia iache kuiita."

Akamwelekeza njia ya kuingia kabla mashine haijaanza kuita, kisha akamtajia maneno, herufi baada ya herufi. Jerusa alichapa kwa kidole kimoja, jasho likimtoka kwenye baridi ile: alias usb-uhci off. Hayo tu, yaani njia ile ya USB isiitwe tena. Katikati ya kuchapa akacheka peke yake, akamgeukia Kepher.

"Ni kama Chelel," akasema. Chelel, ng'ombe wa mama yake, aliharibika chuchu moja. Majirani walitaka achinjwe. Mama aliikausha ile chuchu, akakamua tatu zilizobaki miaka sita.

Wakaiwasha. Pengwini akatokea. Maandishi yakakimbia, yakafika pale, yakapita kana kwamba hapajawahi kuwa na kitu. Kepher akavua kofia. Miaka yote alikuwa akiponya mitambo kwa nyundo na grisi, na leo mtu aliye Nairobi ameuponya mmoja kwa maneno, bila kuuona. Mwili ulimsisimka, na alisema hivyo waziwazi. Jerusa naye alishika mdomo, machozi yakimtoka.

Hadithi zote zilikuwepo. Akafungua ya mwisho, akaisoma kwa Kikipsigis kwa sauti, akimtafsiria Kepher: msichana amefika mtoni, maji yamejaa, upande wa pili mama yake anamwita. Hapo maandishi yakaisha.

"Akavuka?" Kepher akauliza.

"Mama alichoka hapo. Alisema tutamalizia Jumamosi."

Mashine za kusaga majani zilikuwa zikinguruma nyuma ya ukuta.

"Lakini wewe unaijua," Kepher akasema.

"Naijua tangu nikiwa mdogo."

Kepher akamvutia kiti karibu na meza. Jerusa akaketi, akapangusa macho kwa leso, akaanza kuchapa kwa kidole kimoja pale mama yake alipoachia.