Meno Kumi na Saba ya Mzinga

Mimi tangu utotoni sipendi kushindwa, na ubishi wangu huo ndio uliotuletea kanuni ya meno.

Redio ya jirani ilikuwa imetangaza kwamba watu wametua mwezini. Basi mimi na kaka yangu tukaona vita ijayo itapiganwa huko huko juu. Tulikaa kijijini karibu na Usoke, kando ya njia ya zamani ya wapagazi wa misafara. Manowari zetu za angani zilikuwa vipande vya mbao za masanduku. Mizinga yake ilikuwa vizibo vya soda vyenye meno ukingoni, kila kimoja kimepigwa msumari katikati ili kizunguke, na waya umechomoza mbele kuwa mtutu. Kaka akaunda dude lenye mizinga sita. Weee! Lilinimaliza kila siku kabla sijapumua. Siku moja nililia, nikapiga teke uwanja wote wa vita.

Bibi, mama yake baba, alikuwa pale anachambua maharage. "Sasa dude zito namna hiyo," akauliza, "linageukaje upesi hivyo?" Akaamua yeye. Manowari ndogo igeuze mizinga yake itakavyo, lakini kubwa igeuze kizibo jino moja tu kwa kila zamu. Mchezo ukawa mtamu! Mdogo aliweza kumzunguka mkubwa, ila akizubaa, ule mtutu ulikuja polepole mpaka ukamfikia. Kaka akanuna, akaacha kucheza. Bibi akasema, "Hilo zito nipeni mimi. Tunaelewana."

Aliniita mke mwenzake, kama bibi wote wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike. "Mke mwenzangu, nakuja," alikuwa akisema, kisha anageuza jino moja. Nilisisimka mwili kweli kweli.

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, lori lilikuja asubuhi. Baba alikuwa ameshang'oa milango na mabati ya nyumba yetu. Bibi akasema huko yeye hendi, anakwenda Nzega kwa shangazi. Akajitwika kikapu chake, akapita nyuma ya nyumba. Baba alishusha pumzi, maana lori lilikuwa limejaa. Katika pilikapilika hizo mchezo wangu ukabaki sakafuni, kibandani kwa Bibi. Zamu ilikuwa yake, na mzinga wake wa mbele ulikuwa kwenye alama ya mkaa tuliyochora ya kuanzia, unatazama ukuta.

Siku zikapita. Akaja mgeni kutoka Nzega na salamu za shangazi. Za Bibi hakuwa nazo. Nikamuuliza baba, mbona Bibi hajatusalimu? "Zitakuja," akasema, akaendelea kuchimba choo. Moyo ulinipiga pa! Halafu, nasema kweli, ukatulia. Nilichokuwa nakililia ni manowari zangu. Kesho yake, siku ya kumi na saba tangu tuhame, nikambembeleza kaka tukazifuate.

Tulifika jua likiwa kali. Hapakuwa na mbwa wala jogoo. Nyumba zote hazina paa, jua limeingia hadi mahali palipokuwa na vitanda, na majani yameanza kuota vizingitini. Kaka, ambaye mdomo wake haukujua kufungwa, akaanza kunong'ona. Watu walisema kwenye njia ile husikika vishindo vya wapagazi waliokufa zamani, na mimi nilizoea kuwacheka. Siku hiyo sikucheka.

Kibanda cha Bibi peke yake kilikuwa bado na nyasi zake juu. Ndani, manowari zangu zilikuwa pale pale nilipoziacha, zimejaa vumbi. Ile kubwa haikuwa na vumbi hata chembe. Mtutu wake wa mbele ulitazama mlangoni, yaani ulitutazama sisi.

"Panya," kaka akanong'ona.

"Panya gani anajua zamu?"

Nikapiga magoti, nikahesabu meno kuanzia alama ya mkaa. Kumi na saba. Nikahesabu upya. Kumi na saba. Jino moja kila siku, na la leo limo. Kuna mtu aliugeuza asubuhi ile ile.

Kaka alitoka mbio mpaka njiani. Mimi nilipaswa kuita, Bibi! Sikuita. Niliogopa, na katika woga wangu nikafanya kile nilichokuja kukifanya. Nikazoa manowari zote, nikazikumbatia kifuani, nikageuka niondoke.

Alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha maji. Amekonda, macho yameingia ndani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu."

"Kumbe hukwenda Nzega?"

"Nilisema naenda. Hakuna aliyeniuliza nitafikaje."

Akatua kibuyu chini. Akachungulia nyuma yake, njiani, kama kuna mtu mzima anayekuja. Hakumwona isipokuwa kaka, amesimama mbali. Akanigeukia, na uso wake ukawa na furaha ambayo mpaka leo inanichoma.

"Mmekuja kunichukua?"

"Ndiyo, Bibi," nikasema.

Akaziangalia zile mbao mikononi mwangu, moja baada ya nyingine, mpaka akaifikia ile yake.

"Haya," akasema. "Tangulia nazo. Vyangu nitajibebea mwenyewe."