Mtori Usioonjwa

Jumamosi, tarehe 3 Agosti. Tangu alfajiri ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, manyunyu hayakati, mlima hauonekani kabisa.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nitajaribu kuwa mwangalifu nisimwonee mtu. Elimu yangu ni madarasa matatu ya misheni, na hasira haiongezi elimu.

Mafua haya makali yaliingia kwanza Moshi mjini, wakasema yamekuja na garimoshi kutoka pwani, kisha yakapanda huku juu kwetu. Vijana wanaugua siku chache wanaamka. Sisi wazee ndio yanatuzoa. Basi mchili, yule msimamizi wa mtaa wetu, akatutangazia amri ya Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma: pombe ya pamoja marufuku, mtu asitie mdomo kwenye kata ya mwenzake, na anayempelekea mgonjwa chakula akiache langoni, aite, aondoke.

Sisemi amri ni mbaya. Wazee wawili wa mtaa wa chini walinywea kata moja matangani, na wote wawili tumewazika, tena tukiwa watu wachache, tumesimama mbalimbali kama tuliogombana. Mimi mwenyewe naogopa. Nikikohoa mara moja nasikiliza kama itakuja ya pili.

Ng'ambo ya mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, anakaa jirani yangu. Tulitahiriwa siku moja. Mkewe alishafariki, wanawe wako kazini kwenye mashamba ya mkonge huko chini, na mkamwana aliyekuwa akimpikia alishikwa na mafua akachukuliwa kwao. Jumatano nikasikia naye amelala. Mke wangu akapika mtori, ile supu nzito ya ndizi, akaulainisha kwa maziwa kwa ajili ya koo la mgonjwa, nikautia kwenye kibuyu nikaenda nao. Nikauacha langoni penye uzio wa masale, nikaita, akaitika kwa kikohozi, nikaondoka. Kama nilivyoamriwa.

Alhamisi nakwenda na kibuyu kingine, nakuta kile cha kwanza palepale. Kimejaa, siafu wamekipanda mpaka shingoni. Nikadhani ameshindwa kutoka. Cha pili nikakisogeza mpaka mlangoni kwake kabisa, nikagonga, nikaondoka. Ijumaa nakuta mlango uko wazi na kibuyu kimesukumwa pembeni kwa fimbo. Kwa fimbo! Mtori wa nyama ya mbuzi, na mke wangu amepuliza moto wa kuni mbichi mpaka macho yamevimba!

Nikasimama nje nikapaza sauti.

"We mzee! Umekufa?"

"Sijafa. Ndicho ulichokuja kutazama?"

"Mbona huli?"

"Nani ameonja?"

Hapo nikaelewa. Kwetu anayempa mtu kinywaji au chakula huonja yeye kwanza, mbele ya macho ya anayepewa, ndipo ampe, ionekane hamna sumu. Hata mtoto anajua.

"Amri inasema tusiwekeane midomo," nikamwambia.

"Na inasema uniachie kibuyu nje kama mbwa, ukimbie?"

"Kwa hiyo unadhani nimekutilia sumu? Mimi?"

"Sijasema wewe. Kinakaa langoni, kila mtu anapita." Akakohoa muda mrefu. "Tena hata wewe. Ulinishtaki barazani kwa ajili ya migomba mitatu."

"Na ukashinda!"

"Ndiyo maana."

Niliondoka bila kuaga, na njiani nikasema maneno ambayo siyaandiki. Mtu hajatia kitu tumboni tangu Jumatano kwa kuuogopa mkono wangu! Mkono uliomsaidia kuezeka hiyo nyumba anamolala!

Lakini tuwe wa haki. Ningekuwa mimi ndani na yeye nje, ningekunywa? Nimejiuliza tangu jana, na jibu silipendi.

Aliyetunga amri alifikiria midomo tu. Hakumwuliza mzee hata mmoja jinsi tunavyopeana chakula. Yeye ni mgeni, nitamwachia. Ila mchili amezaliwa hapahapa, mama yake alikuwa akituonjea pombe tukiwa vijana, naye aliitangaza amri mpaka mwisho bila kusita. Huyo ndiye nashindwa kumsamehe leo. Au pengine aliona, akaogopa kusema. Sijui.

Leo nikachukua kibuyu kimoja na vikombe viwili vya bati.

"Mzee, usiingie ndani," mke wangu akaniambia.

"Siingii."

Nikaingia. Moto ulikuwa umezimika, macho yamemzama, midomo imepasuka. Nikawasha moto kwanza. Kisha nikamimina vikombe vyote viwili mbele yake, kutoka kibuyu kilekile, nikanywa changu.

"Meza," akasema.

"Nimemeza."

"Fungua mdomo."

Kidogo nimrushie kikombe. Mtu wa umri wangu, mwenye wajukuu, nifungue mdomo kama ng'ombe wa mnadani! Nikafungua. Akatazama, tena hakuwa na haraka. Ndipo akanyoosha mkono, nikamshikia kikombe. Alikunywa chote. Akataka cha pili, na kwa hicho nacho nikalazimika kujimiminia changu tena na kunywa kwanza.

"Chumvi haitoshi," akasema.

"Kamwambie mwenyewe aliyepika, ukiweza kusimama."

"Utakuja kesho, mbuya?"

Mbuya kwa lugha yetu ni rafiki. Hajaniita hivyo tangu siku ile ya baraza.

"Nitakuja. Na hasira zangu."

"Njoo nazo. Nimechoka kunyamaza."

Niliporudi mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Umeingia," akasema, akalisukuma blanketi langu kwa mguu mpaka nje, upande wa banda la mbuzi. Ana kifua kibaya tangu zamani, na amri iko upande wake, kwa hiyo hana kosa. Nimemkasirikia hata hivyo. Tangu nirudi nimekohoa mara moja tu, na huenda ni moshi wa kule.

Jioni nyumbani wamekula kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja. Changu nililetewa bandani juu ya jani la mgomba, kimeshapoa, hakuna aliyekionja mbele yangu, nikakila chote.