Jirani Hakutaka Kutoa Gambuti

Mimi niliacha shule darasa la tatu nikaingia kwa mpunga. Ninachosoma bila kukosea ni jina langu. Kwa desturi yetu msichana wa kwanza wa kijana wako anaitwa wewe, kwa hivyo mjukuu wangu na mimi tuko na jina moja. Yeye ni daktari huko Nyeri. Kila mwezi, Jumamosi ya mwisho, anakuja na wenzake hapa Wang'uru, kwenye ukumbi wa kanisa letu, wanatibu watu wasio na bima. Malipo yao ni chai yangu.

Jumamosi moja nilimkokota jirani yangu, mzee tunayepakana naye kwa mfereji. Ana ugonjwa wa sukari na alikuwa ameacha dawa. Tena alikuwa hatoi gambuti, vile viatu virefu vya mpira vya shambani, hata akija kanisani. Mimi nilikuwa nimenusa. Nilijua kuna mguu unaooza mle ndani.

Alikubali kupimwa damu. Mjukuu wangu akamwambia kama anayeita babu yake, "Guka, sasa toa gambuti."

"Sukari iko kwa damu. Kiatu imekosea nini? Na siwezi kuonyesha mtoto mguu wangu."

Mjukuu wangu akamsogezea kitambulisho chake cha kifuani. "Soma hapo, guka. Huyo ni mtoto?"

Mzee akasoma jina, akanigeukia. "Ati huyu ni wewe?"

"Ni mimi," nikasema. "Na miguu yako nimeiona kwa matope miaka yote. Haikuwa mizuri hata wakati huo."

Mama mmoja kwenye benchi akasema, "Mzee, toa tu. Sisi wote tumeshanusa."

Akatoa. Kidole kimoja kilikuwa cheusi kama sufuria ya kuni. Alikatwa na ganda la konokono shambani, akapaka oili chafu ya trekta, akafunika na gambuti. Mimi niligeuza uso, sitadanganya. Mjukuu wangu hakugeuza. Alipiga magoti kwa simiti na koti lake jeupe, akaosha ule mguu polepole kama mtu anayeosha mtoto mchanga.

"Kidole kimekufa," akamwambia. "Mguu bado uko. Ungengoja mwezi mwingine, wangekata hapa." Akamgusa chini ya goti.

Mkulima wa mpunga bila mguu atasimama wapi?

Walimpeleka Nyeri siku hiyo hiyo na gari lao, yeye amekaa mbele, madaktari wamebanana nyuma na masanduku ya dawa. Kidole kilitolewa. Mguu ulibaki.

Sasa amerudi shambani na vidole tisa, na dawa anameza. Zamani alikuwa ananisalimia "mama wa mfereji." Siku hizi ananiita kutoka ng'ambo, majirani wote wakisikia:

"Daktari, umeamkaje?"

"Toa gambuti nione," namjibu.

Naye anashika ukuta wa mfereji, anatoa.