Kitenge Juu ya Cherehani

Gereji za watu zina harufu yake. Mafuta ya gari yaliyokauka sakafuni, vitabu vya zamani, dawa ya nondo, nyasi zilizokatwa asubuhi ileile, na kutoka jikoni kahawa ya wenye nyumba ambao hawakuwahi kutukaribisha kikombe. Mwaka 2015 nilikuwa msichana wa miaka kumi na mbili hivi, na Jumamosi zangu zote za miezi ile ya joto zilinuka hivyo. Harufu hiyo ikinipata leo, hata kama nimeingia tu duka la vitu vikuukuu, damu huanza kunichemka kabla sijakumbuka ni kwa nini. Watu wengi husimulia utoto wao kwa sauti laini. Mimi siwezi, na sioni sababu ya kujilazimisha.

Tulikaa Berea, mtaa wa wahamiaji katika jiji kubwa la kusini mwa Afrika, katika fleti tuliyogawana na familia nyingine kwa pazia. Mama, mzaliwa wa Lubumbashi, alikuwa fundi katika karakana ya kushona nguo kule Hillbrow, akilipwa kwa kila nguo anayoimaliza. Mwaka ule umeme ulikatwa kwa zamu, leo asubuhi, kesho jioni, na cherehani zote za bosi wake zilikuwa za umeme. Umeme ukikatika, mafundi walikaa mikono mapajani wakingoja. Bosi hakuwaruhusu kutoka, na saa za kungoja hazikuwa na malipo. Mama aliporudi nyumbani siku za namna hiyo alikaa kitandani akijisugua vidole. Ndipo alipoanza kutafuta cherehani ya kukanyaga kwa miguu, ile ya chuma cheusi isiyohitaji umeme wa mtu. Siku atakayoipata, alisema, ndiyo siku atakayomuaga bosi. Mjini hazikuuzwa tena. Zilibaki kwenye majumba ya vitongoji vya kaskazini, kwa bibi vizee wa Kizungu, zikiwa zimewekewa vyungu vya maua juu yake.

Kwa hiyo kila Jumamosi tulitoka, mama na rafiki zake wawili, na mimi nikiwa mdomo wao, kwa sababu Kiingereza nilikuwa nacho mimi. Mama Dorcas, msusi kutoka Bukavu, alitafuta vioo na viti vya saluni. Bi Mwanaidi wa Tanga alitafuta chochote atakachoweza kukiuza tena, na ulimi wake ulishusha bei hata kwa watu wasiomwelewa. Tulipita nyumba ambazo wenyewe walikuwa wakihama na kuuza vitu vyao gerejini, na nyumba ambazo wenyewe walikuwa wamekufa. Hizi za pili Bi Mwanaidi aliziita matanga ya Kizungu. Hakuna anayelia, alisema, na chai unanunua mwenyewe. Kwao Tanga na kwetu Lubumbashi vitu vya marehemu hugawiwa na ndugu baada ya kikao kirefu chenye machozi na ugomvi. Hapa hata mswaki wa marehemu ulikuwa na bei.

Wanawake hawa watatu walikuwa na sheria yao. Mama alinunua kitenge kimoja cha buluu chenye ndege wa manjano, akakikata vipande vitatu, kila mtu chake. Ukiona kitu unachokitaka, unakifunika kwa kipande chako. Kikishafunikwa, wenzako hawakigusi wala hawaulizi bei yake, na wewe unaweza kwenda kutazama mengine kwa amani. Walikuwa wameona urafiki wa wengine ukivunjika kwa sababu ya birika. Bi Mwanaidi aliwahi kufunika sufuria nzuri ya chuma, kumbe ndiyo ya kulishia mbwa wa nyumba ile, na alitaniwa mpaka Krismasi, sikukuu ambayo wala si yake. Mimi nilikua nikiamini kwamba kitu kilichofunikwa kitenge ni cha mtu, kwa dunia nzima.

Jumamosi ninayoisema tulifika kwenye nyumba yenye ua mpana, ambako bibi kizee alikuwa amefariki na binti yake anauza vyote. Mlinzi wa getini alikuwa Papa Kasongo, mtu wa kanisani kwetu, aliyeimba kwaya pamoja na mama. Alitufungulia kwa tabasamu, akatunong'oneza kwamba chumba cha nyuma bado hakijaguswa. Mama akaikuta huko, chini ya dirisha. Aliketi, akavua viatu, akaweka miguu juu ya kikanyagio. Gurudumu likazunguka, sindano ikapanda na kushuka, na chumba kikajaa mlio ule mtulivu unaokwenda kwa mdundo mmoja. Akafumba macho kusikiliza. Sijamwona mama akiwa mzuri kama alivyokuwa dakika ile, miguu peku, kwenye chumba cha mtu. Kisha akainuka, akatandaza kitenge chake juu ya cherehani yote, pamoja na kikaratasi cha bei kilichofungwa kwa uzi, akaenda kupanga foleni gerejini kwenye meza ya kulipia.

Hatukujua kwamba kwenye nyumba ile kikaratasi ndicho kila kitu. Anayekikata na kukipeleka mezani ndiye mnunuzi. Foleni ilikuwa ndefu, mama alisimama akifungua na kufunga fundo la pesa kwenye leso yake. Tulikuwa tumekaribia mbele kabisa alipotokea mwanamume kutoka ndani na kikaratasi mkononi, na nyuma yake vijana wawili wameibeba cherehani yetu, kitenge kikiwa bado juu yake. Alipita foleni yote. Nikasema kwa Kiingereza kwamba ile ni yetu. Binti wa marehemu, mwanamke aliyeweka miwani ya jua kichwani, akanijibu bila kuniangalia kwamba mwenye kikaratasi ndiye mwenye kitu. Nikamtafsiria mama.

“Umwambie niliweka kitenge yangu juu,” mama akasema. “Yeye mwenyewe anaiona.”

Nikamwambia. Mwanamke yule akakishika kitambaa kwa ncha ya vidole, akatabasamu. Akasema hicho ni cha mama yake, alisafiri sana Afrika, na kila kilichomo ndani ya nyumba ile kilikuwa cha mama yake. Niliitafsiri sentensi hiyo nikahisi mdomo wangu umechafuka. Bi Mwanaidi hakungoja nimalize. Alivua kipande chake begani, akakitandaza ubavuni mwa kile cha mama. Pale mkasi ulipopita kulikuwa na ndege aliyekatika shingoni: kiwiliwili chake kwenye kitenge cha mama, kichwa kwenye cha Bi Mwanaidi. Alivisogeza vikagusana, ndege akawa mzima mbele ya foleni yote.

“Mwambie,” akasema Bi Mwanaidi, “amuulize marehemu mamake kichwa nimekipata wapi mie.”

Nilimwambia. Yule mwanamke alimwona ndege. Nasema alimwona, kwa sababu nilikuwa nikimtazama usoni, na shingo yake ilipanda wekundu. Lakini akasema vitambaa kama hivi vinauzwa kila kona ya mji, akamwita mlinzi.

Papa Kasongo akaja. Mama akamgeukia kwa matumaini ambayo mpaka leo yananiuma. “Papa Kasongo, wewe unaijua hii kitenge. Ni mimi nayo Jumapili yote.” Papa Kasongo akatazama viatu vyake. Akatuomba kwa Kiingereza tutoke nje, kwa sauti ambayo bosi wake aliisikia. Kisha kwa sauti ya chini, ambayo sisi tu tuliisikia, akamwambia mama, “Mama Ruth, muniachie kazi yangu.”

Mwanamume aliyenunua hakuwa na ubaya usoni, na hilo linanikera zaidi. Alinieleza kwa upole, kama anayenifariji, kwamba ana mkahawa, kwamba atang'oa cherehani yenyewe na kuweka ubao mzuri juu ya miguu ile ya chuma, iwe meza. Nikamweleza mama. Akauliza kichwa cha cherehani atakifanyia nini. Rafuni, akajibu yule bwana, iwe pambo. Mama, ambaye mpaka hapo alikuwa bado anahesabu njia, akasema, “Umwambie atuuzie kichwa peke yake. Miguu abaki nayo.” Bwana akacheka kidogo, akasema hapana, wateja wanapenda kuviona vyote mahali pamoja. Mama akafunga leso yake. “Basi. Umwambie aksanti, twende.”

Sikusema. Nilikuwa nimetafsiri uongo, nimetafsiri wizi, nimetafsiri mpaka kicheko, lakini neno hilo sikulipeleka. Tukatembea, kitenge cha mama kikibaki nyuma, hadi kwenye robot, zile taa za barabara kuu, kungoja teksi, Mama Dorcas akilia, Bi Mwanaidi akiwalaani wote mmoja mmoja hadi vitukuu vyao. Nilimuuliza mama asante ya nini. Akasema Jumamosi ijayo tutarudi kwa watu hawahawa, na kwamba Mungu atatoa nyingine. Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia yule mwenye miwani. Jumapili Papa Kasongo aliimba kama kawaida, na mama akaimba kando yake. Nyingine haikutoka. Mama alibaki kwa bosi, gizani, akingoja umeme urudi, miaka mingine minne.

Sasa ninafanya kazi ofisini, upande uleule wa kaskazini. Bi Mwanaidi amerudi Tanga, Mama Dorcas yuko Cape Town. Mama ana cherehani yake tangu 2019, ya umeme, aliyoipata macho yake yakiwa yameshachoka, na anaifunika kwa kipande alichoachiwa na Bi Mwanaidi, chenye kichwa cha ndege. Ananiambia hasira inazeesha. Anasema Papa Kasongo alikuwa na watoto wa kulisha, nami najua ni kweli, na ukweli huo haujanipoza. Siku hizi wenzangu wa kazini hunipeleka kula kwenye mikahawa ambayo zamani tuliiona dirishani tu. Naingia, navutiwa kiti, naitwa madam. Mwezi uliopita meza yetu ilikuwa na miguu ya chuma cheusi. Wenzangu waliisifu. Mimi nilivua kiatu polepole, nikatafuta kikanyagio, nikakikanyaga. Kilikuwa bado kinakwenda, laini kabisa, na juu yake kulikuwa na sahani zetu. Mhudumu akaja kuuliza kama kila kitu kiko sawa, wenzangu wote wakasema asante, wakanitazama, wakingoja na mimi niseme. Nikaendelea kukanyaga.