Kambi Tuliyoifunga

Asubuhi ile Kalisa alikuwa akimfundisha Bi Zaituni kuhesabu kwa Kinyarwanda, naye kila akifika tano anakwama na kucheka. Bi Zaituni alikuwa mjane aliyeuza mihogo ya kuchoma kwenye lango la kambi yetu, sisi askari wa Rwanda, kwenye pwani ya nchi rafiki iliyotuomba tukawafukuze waasi. Watu wa pwani ile wanasema Kiswahili. Mimi na Kalisa tulikulia Karagwe, Tanzania, ndiyo maana tukafanywa wakalimani. Bi Zaituni alituita wanangu.

Saa nne Kalisa alipanda gari la doria.

Bomu lilikuwa limefukiwa barabarani, kabla ya daraja.

Tulisikia mlio mmoja tu.

Kalisa alipozikwa kwao Kabuga, jirani na Kigali, mjadala ulikuwa umeshapamba moto nyumbani. Wengine walisema vijana warudi, vita si vyetu. Wengine walisema tukiondoka, waliotuita watachinjwa. Mwishowe ikaamuliwa kambi ndogo kama yetu zifungwe, askari wakusanyike mjini.

Bi Zaituni alitukuta tukikunja mahema. Hakulia.

"Mnatuachia nani?"

Nilimwambia askari wa nchi yake watachukua nafasi yetu. Ndivyo nilivyoagizwa, na nilikuwa nimeamini.

Waliotangulia kufika ni waasi.

Wiki ya pili tukarudishwa. Mapaa yalikuwa yameungua. Bi Zaituni nilimkuta kando ya kisima. Nilimfunika kwa koti langu la mvua, nikashika sepetu. Tulizika hadi alasiri.

Sasa nimeacha jeshi, naishi Batsinda, Kigali. Mwezi uliopita nilikwenda Kabuga kumsalimu mama yake Kalisa. Redioni walikuwa wakibishana kama kambi zetu zilizosalia pwani ile zibaki au zifungwe. Mama akaizima.

"Mngefunga mapema," alisema, "mwanangu angekuwepo."

Ni kweli. Na tungebaki, Bi Zaituni angekuwepo. Hilo nalo ni kweli. Nilitamani kumsimulia habari za Bi Zaituni, kwamba kwa muda naye alimwita Kalisa mwanawe. Nikahofia ataona nalinganisha misiba. Nikanywa chai.

Alinisindikiza hadi kituo cha basi. Hapo ndipo aliponiuliza, bila kunitazama, kama Kalisa aliteseka kabla ya kufa.

Nikamwambia hapana, mama. Alikufa papo hapo; angalau hilo niliweza kulisema bila kuongeza neno.