Mialoni ya Potchefstroom

Siku yangu ya kwanza kuongoza safari peke yangu, mwaka 2015, nilikuwa bado kwenye majaribio, na kazi hii niliitaka kufa na kupona. Meneja wa Safari, Mtanzania mzaliwa wa Mwanza, alinikabidhi akina mama wa kanisa moja la Wakongo wa La Rochelle, mtaa wa wahamiaji jijini mwetu, niwapeleke Potchefstroom, mji mkongwe wa chuo kikuu. "Makumbusho hufungwa saa tisa," akaniambia. "Mkichelewa, mama, tutaachana kwa amani."

Tulianza na kituo cha dirishani, yaani mahali pa kutazama bila kushuka: barabara ndefu yenye miti mikubwa pande zote, wanafunzi wakipita chini yake kwa baiskeli. Nikatangaza kwenye kipaza sauti, "Hii ni mialoni."

Mama Neema, kiongozi wao, akasimama. "Mialoni ile tunasomaka kanisani? Siye tulizania ni miti ya zamani, iliishaka kufa! Dereva, simama."

Wakashuka wote. Wakaigusa, wakaimba, wakaokota majani na kuyafunga kwenye vitenge. Nilipowasihi twende makumbusho, Mama Neema akacheka. "Mule ni vitu vya wafu, dada. Huu muti uko muzima."

Simu ikalia. "Mko wapi?"

"Tuko mwaloni, bosi."

"Mwaloni? Nimekutuma makumbusho, wewe umewapeleka kununua dagaa?"

Mimi Mkenya wa Taita. Sikujua kwamba kwao Mwanza mwaloni ni ufukoni, mitumbwi inaposhusha samaki. Nikababaika. Mama Neema akaninyang'anya simu. "Eish, baba, dagaa gani? Kuko miti ya Maandiko huku na unatufichaka?"

Makumbusho tuliyakuta yamefungwa. Jumatatu niliingia ofisini, nikamkuta meneja anacheka mpaka machozi. Makanisa mawili yalikwisha kumpigia simu, yanataka mialoni. "Majaribio yamekwisha," akasema. Nilishusha pumzi, nikaketi bila kukaribishwa.

Nilifanya kazi ile hadi 2019, magoti yalipogoma. Ninyi vijana mnaoishika sasa, ratiba iheshimuni, lakini abiria akiomba kushuka, mfungulieni mlango. Safari yangu ya mwisho meneja alikuja nasi mialoni, mara yake ya kwanza. Alishuka akisema dakika tano tu, akaweka kiganja kwenye shina.

"Bosi," nikamwita, "makumbusho yanafungwa."

Hakugeuka. Nikakaa kivulini kumsubiri. Sikuwa tena na mtu wa kumwogopa.