Mama Alipoacha Kufagia Nyuma ya Nyumba

Mama yangu alikuwa mtu wa ufagio. Mtaani kwetu Mpanda, kule pembeni ambako nyumba zilikuwa zinaisha na mashamba yanaanza, mwanamke alipimwa kwa uwanja wake. Jua likitoka kwa fulani hakujafagiwa, ujue kuna mgonjwa, au kuna ugomvi, au kuna uvivu, na watu walipenda kuanza na hilo la mwisho. Mama alifagia mbele, akafagia nyuma, akafagia mpaka kipande cha njia kisichomhusu. Sisi watoto tukikanyaga mistari yake kabla hajamaliza, tulikuwa tunachezea kipigo. Kwa hiyo niliporudi likizo mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikakuta nyuma ya nyumba majani yamefika kiunoni, nilidhani mama amerogwa. Sitaki kudanganya, ndivyo nilivyodhani.

"Mama, kulikoni huku nyuma?"

"Kuna nini?"

"Pori."

"Ehe, ni pori. Nenda kaoge, unanuka treni."

Ndiyo mama huyo. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Tabora, mtu mzima na mshahara wangu, lakini mbele yake nilikuwa mtoto wa kutumwa kuoga.

Habari yenyewe ilianza na macho ya baba. Baba alikuwa Mkonongo, mrina asali kama baba yake. Kila msimu aliingia porini na wenzake, wakatundika mizinga ya magome, wakalala huko kambini, akarudi ananuka moshi na nta. Nyumbani alikuwa kama mgeni anayeheshimiwa. Mama alitulea yeye, na baba tulimjua kwa asali. Halafu macho yakaanza kuingia ukungu. Akajikaza, akaendelea kwenda porini mpaka siku wenzake walipomrudisha wamemshika mkono. Hospitali wakasema ni presha ya macho, mmechelewa. Hapo baba akaingia chumbani, akakaa kitandani akaelekea ukutani, akawa hatoki. Chakula kilikuwa kinaingia na kutoka. Mama aliniambia baadaye, bila kulainisha, kwamba baba yangu alikuwa anakufa huku amekaa.

Katika kuuguza, mama naye akashikwa na homa. Akalala siku nyingi, uwanja wa nyuma ukakosa wa kuufagia, mvua ikanyesha, majani yakaota hadi chini ya dirisha la chumba chao na kutoa mbegu. Asubuhi moja chiriku wakaja kula zile mbegu, wakapiga kelele zao pale dirishani. Baba, ambaye alikuwa hajasema neno tangu lini, akageuza kichwa. Akauliza, "Hao wamefuata nini?"

Mama hakujibu. Aliniambia aliogopa akijibu vibaya ataharibu. Lakini tangu siku hiyo ufagio wake haukuvuka tena kona ya nyumba.

Na alipoamua jambo, hakulifanya nusu. Alipanda mtama, ukakomaa, akakataa kuuvuna ili ndege wale. Mpapai ulikufa, akakataa kuung'oa kwa sababu kuna gogota alikuwa ametoboa tundu lake humo. Alipanda yale maua mekundu yenye vikombe virefu ambayo ndege chozi hawawezi kuyapita. Alichimbia chungu kilichovunjika shingo akawa anakijaza maji. Mwisho alimwambia kaka yangu, siku alipokuja kuwasalimia, apandishe mzinga mmoja wa zamani wa baba kwenye mzambarau, na nyuki wakaja wenyewe wakaingia. Chini ya mzambarau akaweka kiti cha baba. Hakumbembeleza. Alimwambia tu kwamba chumba kinanuka, anataka kukifanyia usafi, kwa hiyo atoke akakae nje.

Baba akatoka, na kesho yake akatoka tena. Baada ya muda akawa ndiye anayemwamsha mama. Alijua kumepambazuka akimsikia yule ndege kurumbiza, kabla hata ya mwanga. Kisha tetere, kisha jua likipata moto nyuki wanachangamka, na dudumizi akilia kule kwenye mtama, baba aliita, "Mama watoto, anua nguo, mvua hiyo." Mama alitazama mbingu, nyeupe, haina hata alama ya wingu, lakini alikwenda akaanua. Za majirani zililoa. Baba akaanza kula. Akaanza kusimulia mambo ya porini, yule ndege anayewaita watu mpaka kwenye asali na jinsi unavyotakiwa kumwachia sega lake, la sivyo siku nyingine anakupeleka kwa simba. Mambo ambayo sisi watoto wake hatukuwahi kuyasikia kwa sababu hakuwahi kukaa nyumbani vya kutosha.

Jioni mama alileta kigoda chake, akakaa kumenya mihogo karibu naye na kumwambia anachokiona.

"Amekuja mmoja ana kifua cha njano."

"Mkubwa au mdogo?"

"Mdogo. Ana kiherehere kama dada yako."

"Mwache dada yangu. Mdomo wake ukoje?"

"Wa dada yako au wa ndege?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa jikoni nasikiliza, nikaona haya, kana kwamba nimechungulia chumbani kwao. Miaka yote ya ndoa yao mmoja alikuwa porini na mwingine nyumbani. Sasa ndiyo walikuwa wanaoana.

Mtaa nao ulisema, utaachaje kusema? Kiangazi, wakati tunapanga foleni ndefu ya ndoo kwenye pampu, mama mmoja alisema kwa sauti, eti watu tunagombea maji, mwenzetu ananywesha shomoro. Mama akamjibu, "Na wewe ukiwa na kiu njoo, chungu kiko pale." Wenzake wa jumuiya, waliokuwa wanakuja kusali rozari kwetu, walimshauri kwa upole kwamba wanaweza kuleta vijana wakamfyekea, nyoka wasije wakamuua mzee. Akawaambia waanze kwao. Na nyoka walikuwepo, tusidanganyane. Mmoja mama alimuua kwa jembe pale pale karibu na kiti. Baba akauliza, unampiga nani? Mama akasema mjusi. Baba akasema, "Mjusi gani huyo anapigwa kama mwizi?" Lakini hakuhamisha kiti.

Hivyo ndivyo walivyoishi miaka kadhaa, na kila nikija likizo nilikuta baba amenenepa kidogo.

Mama alifariki masika yalipoanza. Malaria ilimpanda kichwani, ikamaliza kazi haraka. Mimi nilisikia kwenye redio, katika matangazo ya vifo, nikiwa nakula. Lilisomwa jina la baba, likasomwa jina langu miongoni mwa wanaopewa taarifa, na mimi nikaendelea kutafuna kwa sababu akili ilikuwa haijafika. Treni ilichelewa Kaliua, reli imefunikwa na maji huko mbele, hakuna anayejua tunaondoka lini. Nilipofika Mpanda, mama alikuwa ameshazikwa.

Niliingia uwanjani nikilia, na watu wakanipokea wakilia. Sikutazama kitu. Nilikuwa nimekumbatiwa na mama mdogo, ndugu za mama walikuwa wamejaa wametoka Usevya na lori na magunia ya mchele, wanawake kwenye mikeka ndani, wanaume nje kwenye mabenchi chini ya turubai. Ilikuwa mpaka nilipokwenda nyuma kunawa uso ndipo nilipoona. Hakukuwa na majani wala mtama. Mpapai mkavu ulikuwa umekatwa, umeshatumika kuwashia moto wa ugali wa wageni. Maua yalikuwa yameng'olewa, chungu kimefukiwa, matawi ya chini ya mzambarau yamepogolewa kupisha turubai la pili, na mahali pa mzinga shina lilikuwa jeusi kwa moto. Ardhi ilikuwa nyekundu, safi, imefagiwa, mistari imenyooka.

Anayejua misiba ya kwetu hana haja ya kuelezwa. Mtu akifa, majirani hawasubiri kuitwa. Wanakuja na mafyekeo, panga na majembe, wanasafisha uwanja ili wafiwa wapate pa kutandika mikeka na wageni pa kulala. Nyuki na msiba havikai pamoja, kwa hiyo nyuki walichomwa. Aliyesimamia yote alikuwa jirani yetu wa upande wa bondeni, Msukuma mmoja aliyehamia na ng'ombe wake, mtu mwema kupita maelezo. Gari lake la ng'ombe ndilo lililobeba kuni, ndilo lililobeba maji, ndilo lililombeba mama yangu mpaka makaburini barabara iliposhindikana kwa tope. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Pole sana, dada. Tumejitahidi kupasafisha. Mama alikuwa amelemewa, na mzee ndiyo vile." Nikasema ahsante. Nilitaka kumkasirikia mtu, nikatafuta pande zote, sikumpata. Hasira nikaimeza na chai.

Baba alikuwa hajui ya huko nyuma. Alikuwa amekaa chumbani na wazee wenzake, nyumba nzima vilio na nyimbo, nani atasikia ndege? Nikajiambia, akishajua itakuwaje? Mama alikuwa ameshakwenda. Kilichomtoa baba ukutani kilikuwa ni kile kilichokuwa huko nyuma, na mimi nilikuwa nimekiona kimeisha, na yeye bado.

Tulianua matanga. Watu wakaondoka wengi, lori la Usevya likaondoka jioni. Kesho yake palikucha na mawingu mazito, hakuna jua, ubaridi ule wa baada ya mvua ya usiku kucha. Chai ikaiva, ikanywewa. Nilikwenda chumbani kwa baba nikamkuta ameshavaa, amekaa kitandani, fimbo iko katikati ya magoti.

"Shikamoo baba. Mbona hutoki?"

"Marahaba. Nasubiri kukuche."

Nilisimama pale mlangoni. Nje akina mama walikuwa wanaosha masufuria ya kukodi. Kulikuwa kumekucha zamani.

"Baba," nikasema, na nikashindwa kumalizia.

Kisha akasimama, akapita karibu yangu, akatoka kwa mlango wa nyuma kama alivyozoea. Mguu wake ulipokanyaga, ukasita. Alikuwa amezoea majani yamshike miguu mpaka kwenye kiti. Akapeleka fimbo kushoto, haikugusa kitu. Akapeleka kulia, ikagonga kisiki cha mpapai. Akainama taratibu akapapasa chini kwa kiganja, akaisikia ile mistari ya ufagio.

"Nilisikia panga," alisema. "Nikadhani wanachanja kuni."

Hapo ndipo baba alipolia. Makaburini hakulia, waliniambia, walimsifu kwa hilo. Alilia pale amechuchumaa kwenye uwanja msafi, bila kuficha uso, na mimi nikachuchumaa naye.

Jirani yetu akaja wakati huo huo kutuaga, anapeleka ng'ombe malishoni. Alidhani baba analilia mkewe, akavua kofia, akasubiri kwa adabu. Kisha akasema kwa upole, "Mzee, sasa hapa unaweza kutembea bila wasiwasi. Hakuna nyoka, hakuna nyuki. Vijana wangu watakuwa wanakuja kufyeka kila wakati, usiwaze."

Maneno yangu yalikuwa tayari mdomoni, na hayakuwa mazuri. Baba aliyahisi, akanishika kifundo cha mkono akakibana. Akasimama, akageuka kule sauti ilikotoka, akajifuta uso.

"Ahsante sana, jirani," alisema. "Ahsanteni nyie wote. Mmenistiri."

Yule bwana akafurahi, akaenda na ng'ombe wake. Baba akaniachia mkono, akaomba nimrudishe ndani.

Niliomba ruhusa kazini nikabaki. Nikafanya kila kitu nilichowahi kumwona mama akifanya. Nikafukua chungu, nikakijaza maji. Nikamwaga mtama na chenga za mchele chini ya dirisha. Vijana wa jirani walipokuja na mafyekeo niliwapa chai, nikawaambia wapumzike mwaka huu. Majani, kwa mvua ile, hayakuchelewa. Kila asubuhi nilikwenda kumwambia baba kwamba kumekucha, naye alisema haya, akabaki alipo. Sahani zikaanza tena kuingia na kutoka.

Halafu asubuhi moja nikiwa jikoni nilimsikia tetere. Alikuwa kwenye mzambarau, juu ya matawi yaliyobaki, analia pale pale bila haraka. Nilikimbia, nakwambia nilikimbia na mwiko mkononi, nikafungua mlango wa baba bila hata kubisha.

"Baba, amerudi. Tetere amerudi. Toka usikie."

Alikuwa ameelekea ukutani. Hakugeuka.

"Nimemsikia, mwanangu," alisema. "Sasa nani ataniambia mdomo wake ukoje? Funga mlango."